Kijani cha tarehe 17 Machi kilitoka wapi?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick wa Ayalandi, video ya mto wa kijani huanza kuzunguka kwenye simu. Ni Mto Chicago, Marekani, na wengi wetu huiona ile sehemu ya mwisho tu, maji yakiwa yameshakolea kijani cha kung'aa. Itazame tangu mwanzo. Watu wamesimama ndani ya boti na chekeche mikononi, zile za jikoni za kuchekechea unga wa ngano, wanachekecha juu ya maji. Unga wenyewe ni wa rangi ya chungwa. Ukigusa maji tu unageuka kijani, boti nyingine inapita palepale kukoroga, na muda si muda mto unaonekana kama umemwagiwa rangi ya nyumba.

Walioanzisha jambo hili ni mafundi bomba, mwaka 1962. Unga wa namna hiyo ulikuwa kitendea kazi chao: waliumimina kwenye mabomba ya majengo ili wajue nani anaelekeza maji machafu mtoni kinyume cha sheria. Kijani kikitokeza mtoni, mkosaji kashikwa. Siku moja kiongozi wa chama chao aliona ovaroli ya fundi imejaa madoa ya kijani, wazo likamjia. Mwaka ule wa kwanza walimwaga kilo 45 hivi, na mto ukakaa kijani wiki nzima. Siku hizi hawafikishi nusu ya kiasi hicho.

Nimeanza na mto kwa sababu sikukuu nzima ya Mtakatifu Patrick iko hivyo. Shika alama yoyote, nguo za kijani, jani la pande tatu, gwaride, nyama na kabichi, uifuate ilikotoka, utafika mahali usipopatarajia. Nyingi zilizaliwa karne nyingi baada ya Patrick kufa, na baadhi hazikuzaliwa Ayalandi kabisa. Na lile jambo moja tunalolijua kwa hakika juu ya Patrick, kwa sababu aliliandika mwenyewe, halimo kwenye bango lolote. Alikuwa mtumwa.

Mwenye sikukuu

Patrick aliishi karne ya 5. Watakatifu wengi wa zama zile tunawajua kwa masimulizi ya watu waliokuja nyuma sana, lakini huyu ametuachia maandishi yake mawili kwa Kilatini: Ungamo lake, na barua aliyowaandikia askari wa mtawala mmoja aitwaye Coroticus. Kurasa zenyewe ni chache. Ungamo linaanza kwa kujitaja kuwa mwenye dhambi, mtu wa shamba kuliko wote. Humo hamna nyoka, hamna jani, hamna kijani.

Kilichomo ni hiki. Hakuzaliwa Ayalandi. Alizaliwa ng'ambo ya pili, katika Uingereza ya Warumi, kwenye nyumba yenye nafasi: baba yake alikuwa shemasi, babu yake padri. Akiwa na miaka kama 16 walivamiwa na maharamia kutoka Ayalandi, wakamchukua yeye na, kwa maneno yake, maelfu ya wengine, wakawavusha bahari. Akatumikishwa miaka sita, akichunga mifugo. Anaeleza alivyokuwa akiamka kabla ya kupambazuka akasali nje, kwenye theluji na baridi kali na mvua, sala karibu mia kwa siku na usiku vivyo hivyo. Hatimaye akatoroka. Akatembea maili 200 hadi ilipokuwa meli, nahodha akamfukuza, kisha wakamwita nyuma na kumpakia.

Alifika kwao. Wazee wake wakamsihi asiwaache tena baada ya yote yaliyompata. Lakini usiku aliota amepewa barua, na alipoanza kuisoma akasikia sauti za watu wa karibu na msitu wa Foclut, kando ya bahari ya magharibi, wakimwomba aje atembee tena kati yao. Akarudi kwa watu waliomfanya mtumwa, safari hii akiwa mhubiri, na baadaye askofu.

Barua ya Coroticus ndiyo inayonigusa zaidi. Askari wa Coroticus walijiita Wakristo. Waliwavamia watu ambao Patrick alikuwa amewabatiza punde. Walikuwa bado na nguo zao nyeupe, mafuta ya krisma yakinukia kwenye paji la uso. Baadhi waliuawa, wengine wakachukuliwa kuuzwa. Patrick alimtuma padri na barua kuomba mateka warudishwe, wale askari wakamcheka. Ndipo akaandika barua ya pili, ya wazi, akataka isomwe mbele ya watu wote. Anawatenga wauaji hao, na anakataza mtu yeyote kula au kunywa nao mpaka watubu na kuwaachia huru waliowateka. Na kwenye Ungamo ameandika jambo ambalo ni nadra kulikuta katika maandishi ya zama zake: kwamba wanaoteseka kuliko wote ni wanawake walio utumwani. Wakati ule utumwa ulichukuliwa kama mvua na jua, jambo la dunia ambalo halina wa kuuliza. Aliyeuliza ni mtu aliyewahi kuuonja.

Tarehe 17 Machi inashikwa kuwa ndiyo siku aliyofariki. Hakuna papa aliyewahi kumtangaza mtakatifu kwa utaratibu tunaoujua leo, maana utaratibu huo ulikuwa haujakuwepo. Watu wenyewe walimheshimu hivyo, na ikawa. Siku yake iliingia katika kalenda ya Kanisa lote mwanzoni mwa karne ya 17, na Mfransisko mmoja kutoka Waterford, Luke Wadding, alikuwa na mkono katika hilo. Mpaka leo ni siku ya ibada kwanza. Mwaka 2008 tarehe 17 ilipoangukia Jumatatu ya Wiki Kuu, Kanisa liliisogeza sikukuu hadi tarehe 15, ingawa magwaride mengi hayakusogea.

Nyoka ambao hawakuwepo, na jani ambalo halina jina moja

Masimulizi yanasema Patrick alifunga siku 40 juu ya mlima, kisha akawafukuzia baharini nyoka wote wa Ayalandi. Mlima upo. Unaitwa Croagh Patrick, uko Mayo, magharibi, una urefu wa mita 764, na Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji huupanda kwa maelfu, wengine pekupeku juu ya kokoto zenye makali. Nyoka ndio hawakuwepo. Solinus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 3, aliandika kuwa Ayalandi haina nyoka, wakati Patrick hajazaliwa.

Sababu ni barafu. Enzi ya barafu nchi ile iliganda mno kwa nyoka kuishi. Barafu ilipoyeyuka wanyama wakaanza kurudi kaskazini kidogo kidogo, ila maji ya bahari nayo yakapanda na kuikata Ayalandi na nchi za jirani. Nyoka wa aina tatu waliwahi kufika Uingereza. Hakuna aliyewahi kuvuka. Mtambaazi pekee wa asili wa nchi kavu huko ni mjusi mdogo mmoja. Wapo wanaosema nyoka ni fumbo la dini ya zamani iliyoondolewa na Ukristo. Mimi naona jibu jepesi linatosha: watu waliona nchi yao haina nyoka, wakatafuta wa kumshukuru.

Shamroki, lile jani la pande tatu, lina kisa kirefu zaidi. Jina lenyewe kwa Kiayalandi ni seamróg, maana yake klova ndogo, ule mmea mfupi wa malisho wenye majani ya pande tatu. Kila mtoto wa Ayalandi amesimuliwa kwamba Patrick alilichuma na kulitumia kuufundisha Utatu Mtakatifu: pande tatu, jani moja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja. Mfano ni mzuri, hata mwalimu wa katekisimu wa leo angeupenda. Lakini katika maandishi unatokea mwaka 1726 tu, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Patrick, kwenye kitabu cha mimea cha Caleb Threlkeld wa Dublin. Threlkeld anasema watu hulibandika jani hilo kwenye kofia tarehe 17 Machi, na analalamika kwamba wakishalilowesha hunywa kupita kiasi. Kulilowesha huko ndiko mwanzo wa desturi ya kuzamisha shamroki: mwisho wa siku jani lililovaliwa hutiwa kwenye glasi ya mwisho, watu wakanywa kwa heshima ya mtakatifu. Kabla ya hapo, mwaka 1681, msafiri Thomas Dinely aliwakuta Waayalandi wakivaa misalaba siku hiyo, wengine shamroki. Misalaba hiyo, ya karatasi na utepe wa rangi mbalimbali, iliendelea kutengenezwa na watoto hadi karne ya 20 ikiwa changa, kisha ikapotea.

Sasa muulize mtaalamu wa mimea shamroki ni mmea gani. Hapo ndipo utamu ulipo. Mwishoni mwa karne ya 19, Nathaniel Colgan wa Dublin aliwaomba watu wa pande zote za Ayalandi wamtumie shamroki wanayoijua wao kuwa ya kweli, pamoja na mizizi yake. Shida ni kwamba katikati ya Machi mimea hii bado michanga, haijatoa ua, na bila ua huwezi kuitofautisha. Basi Colgan aliipanda yote, akaitunza, akangoja ichanue. Ilipochanua, shamroki ya kweli ilikuwa mimea minne tofauti. Iliyoongoza ilikuwa klova ndogo ya maua ya manjano, na klova nyeupe ikafuata; nyingine mbili zilitumwa na wachache. Mwaka 1988 uchunguzi huo ulirudiwa na klova ya manjano ikaongoza tena. Kwa hiyo shamroki si jina la mmea mmoja. Ni klova yoyote changa ambayo mtu ameichuma kwao, siku hiyo, kwa nia hiyo. Wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanazijua ndugu zake, maana ng'ombe wao huzila kila siku.

Bluu kabla ya kijani

Ukitaka kumshangaza mtu aliyevaa kijani kuanzia kofia hadi soksi, mwambie kuna rangi inayoitwa bluu ya Mtakatifu Patrick. Mwaka 1783 mfalme wa Uingereza aliunda daraja la heshima kwa ajili ya wakuu wa Ayalandi, akaliita kwa jina la Patrick, na rangi yake ikawa bluu. Daraja hilohilo ndilo lililoeneza ule msalaba mwekundu wa umbo la X, uitwao msalaba wa Patrick, ambao mwaka 1801 uliingizwa kwenye bendera ya Uingereza na umo hadi leo.

Kijani kilipita njia nyingine, ya damu. Miaka ya 1640 Wakatoliki wa Ayalandi walipoinuka dhidi ya utawala wa London, bendera ya kijani yenye kinubi ilipepea upande wao. Miaka ya 1790 wanamapinduzi walioitwa Umoja wa Waayalandi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, walikifanya kijani kuwa rangi yao. Uasi wao wa mwaka 1798 ulivunjwa kikatili. Baada ya hapo kuvaa kijani kulimtia mtu mashakani, na nyimbo zikatungwa kuhusu watu walionyongwa kwa sababu yake. Rangi ya majani ikawa rangi ya upinzani. Hadi mwaka 1900 askari wa Kiayalandi katika jeshi la Uingereza walizuiwa kuvaa shamroki kazini. Malkia Victoria ndiye aliyeiruhusu, baada ya wengi wao kufa vitani Afrika Kusini. Jani ambalo jana lilikuwa kosa, leo likawa zawadi.

Bendera ya sasa ya Ayalandi, ambayo Thomas Francis Meagher aliionyesha watu mwaka 1848, inaihifadhi historia hii kwa mistari mitatu: kijani cha wapenda uhuru, rangi ya chungwa ya Waprotestanti wa kaskazini, na katikati nyeupe, yaani amani kati ya pande mbili. Mtu akivaa kijani Belfast tarehe 17 Machi, bado watu wengine wanasoma zaidi ya furaha.

Sikukuu iliyokulia ng'ambo

Gwaride nalo lilianzia nje. Mwaka 1601, huko Florida iliyokuwa chini ya Wahispania, wakazi wa mji wa St. Augustine waliandamana barabarani kwa heshima ya Patrick. Kasisi wao alikuwa Mwayalandi. Mwaka 1737 Waayalandi wa Boston walianzisha chama chao cha kusaidiana na kuiadhimisha siku hiyo. Mwaka 1762 askari wa Kiayalandi waliokuwa jeshi la Uingereza waliandamana New York, na gwaride hilo linaendelea mpaka leo.

Kilicholikuza ni njaa. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliangamiza viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Waliofika Boston, New York na Chicago walidharauliwa: maskini, Wakatoliki, wachafu, walevi, ndivyo magazeti yalivyowachora. Kutembea kwa maelfu katikati ya barabara kubwa ya mji, nguo safi, bendi ikipiga, ilikuwa kuonyesha kwamba tupo na tuna idadi ya kura. Ukiielewa hali hiyo, kelele ya gwaride la New York inasikika tofauti.

Chakula cha sikukuu kilibadilika kwa njia hiyohiyo. Mwayalandi wa kijijini, akibahatika kupata nyama, alipika kabichi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Kule New York nguruwe wa namna hiyo alikuwa ghali. Jirani zao katika mitaa ya maskini walikuwa Wayahudi, na kwenye bucha za Wayahudi palikuwa na nyama ya kidari cha ng'ombe iliyolazwa kwenye maji ya chumvi. Wakainunua, wakaichemsha na kabichi yao. Leo Wamarekani huila wakiamini ndicho chakula cha asili cha Ayalandi, na mgeni akiiagiza Dublin anaweza kuangaliwa kwa mshangao.

Nyumbani Ayalandi, wakati huo, siku ilikuwa tulivu. Misa asubuhi, jani kwenye kola, na kwa kuwa iko ndani ya Kwaresima, ruhusa ya kuvunja mfungo kwa siku moja. Ilifanywa sikukuu ya umma kwa sheria ya mwaka 1903, iliyopelekwa Bungeni na James O'Mara. Baada ya uhuru sheria iliagiza baa zifungwe tarehe 17 Machi, na zilifungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Palibaki mahali pamoja Dublin pa kupata kinywaji kihalali, nako ni kwenye maonyesho ya mbwa, na watu ambao hawakuwahi kufuga mbwa walijaa humo. Tamasha kubwa la Dublin la siku kadhaa lilianza mwaka 1996 tu, na sehemu kubwa ya sura yake ni ile waliyoijenga watoto wa wahamiaji ng'ambo.

Leprikoni, yule kijibabu mwenye chungu cha dhahabu, hahusiani na Patrick hata kidogo. Ni kiumbe wa ngano, fundi viatu, na waandishi wa zamani walimvika koti jekundu. Kinubi ndicho alama rasmi ya taifa. Kimo kwenye sarafu na pasipoti, na kwa sababu kiwanda cha Guinness kilishakisajili kinubi chake tangu mwaka 1876, kile cha serikali kinatazama upande wa pili.

Kwetu Afrika Mashariki sikukuu hii ilikuja na wamisionari. Tarehe 17 Machi 1932, kwa makusudi kabisa, ilizinduliwa huko Kiltegan, Ayalandi, jumuiya ya mapadri iliyopewa jina la Patrick, na baadhi yao walikuja kufanya kazi Turkana, Kitui na Eldoret. Mabruda wa shirika jingine lenye jina lake waliiendesha shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrick, Iten. Ndiko alikofika Bruda Colm O'Connell mwaka 1976 kufundisha jiografia, akajikuta anafundisha mbio. Mwanafunzi wake David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012.

Montserrat

Nimeacha kisiwa kimoja mwisho. Montserrat, katika Karibea, nayo hupumzika tarehe 17 Machi, na hukugongea muhuri wa umbo la shamroki kwenye pasipoti. Waayalandi walifika huko kuanzia miaka ya 1630, wengi wakiwa vibarua wa mkataba na wafukuzwa kwao. Baada ya muda baadhi yao wakapata mashamba ya miwa, na kwenye mashamba hayo wakawatumikisha Waafrika.

Mwaka 1768 watumwa hao walipanga kuinuka. Walichagua tarehe 17 Machi kwa hesabu ya wazi: mabwana watakuwa kwenye karamu, wamelewa, wakimkumbuka mtakatifu wao. Siri ikavuja kabla ya siku. Watu tisa wakanyongwa.

Tangu mwaka 1985 siku hiyo ni sikukuu ya umma Montserrat, na inaadhimishwa kwa ajili ya wale tisa pamoja na Patrick. Watu hucheza ngoma za barakoa, hupika mchuzi wa mbuzi ambao ndio chakula cha taifa, na wengi wana majina ya ukoo ya Kiayalandi, kama Riley, Sweeney, Farrell, yaliyobaki na vizazi vya waliotumikishwa. Kwenye nembo ya kisiwa yupo mwanamke wa gauni la kijani, mkono mmoja umeshika kinubi, mwingine msalaba. Mji mkuu wao, Plymouth, umezikwa na majivu ya volkano iliyoanza kulipuka mwaka 1995, na wakazi wengi wamehamia ng'ambo. Ikifika Machi wanaoweza hurudi kwa meli na ndege ndogo, na waliouawa wanakumbukwa katika sikukuu ya mtu ambaye naye aliwahi kuvushwa bahari kwa nguvu.